H0 kwenye plaiwudi ya futi 8 kwa 4: nibaki na DC au nihamie DCC?

Kipishano

Heshima kwenu wakuu. Naomba ushauri kabla sijaanza kufunga waya chini ya ubao wangu wa treni ndogo za mfano: nibaki na DC, ya kupandisha na kushusha volti za reli, au nihamie DCC, ya kutuma amri za kidijitali kwa kila kichwa.

Ubao ni plaiwudi moja ya futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122. Skeli ni H0, 1:87, upana wa njia milimita 16.5. Kuna mzunguko wa nje na wa ndani, na sehemu mbili za kuvuka kutoka mmoja kwenda mwingine. Mzunguko wa nje una stesheni yenye njia ya kupishana. Ndani kuna yadi ya njia tatu, na njia moja ya mshazari inayokata katikati ili treni igeuze uso. Jumla ni pointi (njia panda za reli) 11.

Vichwa vya treni ni vitano. Viwili vina soketi ya pini 8 ya kuchomekea dekoda (kadi ndogo inayopokea amri za DCC), kimoja kina soketi ya aina ya PluX22, viwili ni vya zamani na havina soketi kabisa. Nina kidhibiti cha kuzungusha cha 0 hadi 12 V DC, 1 A. Kipo pia kingine cha Marekani kilichoandikwa 120 V 60 Hz. Waendeshaji watakuwa wawili kwa wakati mmoja. Niko Tanga, hewa ya bahari inafika mpaka chumbani.

Je, nikate njia vipande vipande nibaki na DC, au niingie DCC moja kwa moja? Na vile vichwa vya zamani vina maisha gani huko? Natanguliza shukrani.

FundiMataruma

Mkuu, jiulize kwanza unataka kuendesha nini: njia au kichwa. Kwenye DC unaendesha njia. Ukipandisha volti, kila kichwa kilichosimama kwenye kipande hicho cha reli kinaondoka, na ukigeuza chanya na hasi vyote vinarudi nyuma kwa pamoja. Kwenye DCC reli zina umeme kamili muda wote, kwa H0 kama volti 14 hadi 16, unaogeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde. Ujumbe umo kwenye huko kugeuka: nusu ya biti ya moja inachukua mikrosekunde 58, nusu ya biti ya sifuri inachukua 100 au zaidi. Dekoda iliyo ndani ya kichwa inausoma, ikisikia anwani yake inatii, ikisikia ya mwenzake inauacha upite. Asili ya mfumo ni kampuni ya Lenz ya Ujerumani, na NMRA, chama cha wapenzi wa treni za mfano cha Marekani, ikaufanya kiwango miaka ya 1990. Ndiyo maana unaweza kuweka dekoda ya kampuni moja na kituo cha amri (kifaa kinachotuma amri relini) cha kampuni nyingine, vikaelewana.

Kwa mchoro huo na watu wawili, nenda DCC. Sababu kubwa ni stesheni yako. Treni ya mizigo ikiingia njia ya kupishana isubiri abiria ipite, kwenye DC lazima njia ile ikatwe kivyake na mtu akumbuke kuizima, halafu akumbuke kuiwasha kwa kidhibiti sahihi. Vivyo hivyo kwa kila kuvuka. Mkiwa wawili, nusu ya jioni inaishia kwenye kupigiana kelele nani kamwachia nani swichi. Kwenye DCC vichwa viwili vinaweza kusimama pua kwa pua kwenye reli moja, taa zinawaka, kisha kimoja kikaondoka na kingine kikatulia. Uangalifu unaobaki ni wa kutogongana, kama reli ya kweli.

Sasa njia ya mshazari. Hiyo inaleta shoti katika mfumo wowote, maana treni ikishaigeuza uso, reli ya kulia inakutana na ya kushoto. Kata reli zote mbili mwanzoni na mwishoni mwa mshazari kwa viungio vya plastiki, uilishe kupitia kifaa kinachogeuza upande wa umeme chenyewe. Gurudumu likidaraja pengo, kifaa kinahisi shoti na kugeuza upande kabla kituo cha amri hakijazima. Kichwa hakishtuki, kwa sababu kwenye DCC mwelekeo wa mota unaamuliwa na dekoda.

Kipimo muhimu: kipande kilichokatwa lazima kiwe kirefu kuliko treni yako ndefu yenye magurudumu ya chuma. Behewa la mita 26.4 kwa skeli hii ni sentimita 30 na nukta. Ukipata mshazari wa sentimita 120, inaingia treni ya kichwa cha sentimita 20 na mabehewa matatu. Ukiongeza la nne, magurudumu yatadaraja mapengo ya pande mbili kwa wakati mmoja na kifaa hakitajua kimsikilize nani. Kituo kitajizima, nawe utalaumu kifaa bure.

MiguuSita

Nakubaliana kuhusu stesheni, ila nisingependa mwuliza swali aondoke akidhani DC ni ya kutupwa. Ngoja nimpe hesabu yake kamili.

Kwa mchoro huo unahitaji vipande 10: mzunguko wa nje vitatu, njia ya kupishana kimoja, mzunguko wa ndani viwili, yadi vitatu, mshazari kimoja. Kila kipande kinapata swichi yake ya miguu sita yenye kituo katikati. Miguu miwili ya kati inakwenda kwenye reli mbili za kipande, jozi ya juu inatoka kidhibiti A, jozi ya chini kidhibiti B, na swichi ikiwa katikati kipande kimekufa. Mshazari unaongezewa swichi ya pili ya kugeuza chanya na hasi. Huo ndio ufundi wote, na hakuna kinachohitaji programu. Swichi 11 na waya 20 za kwenda relini mtu anamaliza kwa siku mbili. Vichwa vitano vyote vinatembea kama vilivyo, hata vile visivyo na soketi.

Angalizo moja: kidhibiti A na B kila kimoja kiwe na transfoma yake. Ukivilisha vyote kutoka waya uleule wa AC wa transfoma moja, siku reli zitakapokutana utapata shoti kupitia daraja la dayodi, na utaitafuta kwenye pointi wakati imo ndani ya vidhibiti.

Kama kila mwendeshaji angebaki kwenye mzunguko wake, mmoja nje na mmoja ndani, ningesema funga DC ulale. Kinachoharibu hesabu kwa mkuu hapa ni kuvuka na kupishana. Treni ikitoka kipande cha A kuingia cha B huku vidhibiti vimewekwa pande tofauti, magurudumu yanaunganisha chanya cha huyu na hasi cha yule. Kichwa kinasimama kwenye pengo kikitetemeka.

Njia ya katikati ipo: kata reli zote mbili katika kila pengo, usiache reli moja ya pamoja. Waya zako zikiwa hivyo, siku ya kuhamia DCC unageuza swichi zote upande wa A na kuweka kituo cha amri mahali pa kidhibiti A. Lakini hapo B unaiondoa kabisa kwenye ubao, unachomoa waya zake. Usitegemee kuizima. Mtu akigusa swichi moja kimakosa, gurudumu likadaraja DC na DCC, kinachoungua ni kituo cha amri, kidhibiti, au vyote.

Na hicho cha 120 V usikichomeke ukutani Tanga. Umeme wetu ni 230 V, transfoma yake itatoa karibu mara mbili ya volti na itachemka mpaka varnishi ya waya iungue.

Kipishano

Nashukuru sana, nimeelewa. Nimeegemea DCC. Sasa naomba mnisaidie mambo matatu: waya wa unene gani, nianze na kituo kipi, na vichwa viwili vya zamani vinageuzwaje.

RisasiNaWaya

Nianze na waya kwa sababu DCC nyingi zinazosumbua hazina ugonjwa wa elektroniki, zina njaa ya umeme.

Pitisha waya mbili kuu chini ya ubao, nyekundu na nyeusi, za shaba milimita za mraba 1.5, zile za kufungia taa za nyumba. Kwa ubao wa mita 2.4 zinatosha, 2.5 si dhambi ila ni ngumu kukunja. Zisifunge duara kamili, acha ncha wazi upande wa mwisho. Kutoka hapo chukua waya mdogo wa 0.5, usiozidi sentimita 20, mpaka kwenye reli, jozi moja kila mita moja, na jozi moja kwa kila njia ya yadi. Chomea kwa risasi upande wa nje wa reli ili gurudumu lisigonge. Usitegemee viungio vya chuma vipitishe umeme. Kwa hewa ya pwani vinashika kutu ndani na volti zinapotea pasipoonekana. Kwa sababu hiyohiyo chagua reli za nikeli-fedha. Za chuma zitakuwa na kutu kabla hujamaliza kupaka rangi milima, na za shaba ya manjano zinaota utando usiopitisha umeme.

Ukimaliza, fanya jaribio la sarafu. Washa kituo, laza sarafu juu ya reli mbili, sogea kila sentimita 30 na ndani ya kila njia. Kila mahali kituo lazima kizime papo hapo. Pakiwa na mahali kinanguruma tu na sarafu inapata joto, hapo waya hautoshi, ongeza jozi. Usiendeshe treni kabla mahali hapo hapajakubali. Kichwa kikianguka pale, ampea kadhaa zitapita kwenye magurudumu bila kituo kugundua, na boksi la plastiki la magurudumu litayeyuka.

Ukinunua kituo cha ampea 3 au zaidi, gawa ubao mara mbili na kwenye kila sehemu weka balbu ya breki ya gari, 12 V 21 W, ikiwa mfululizo na waya mwekundu. Inapatikana kila duka la spea. Treni zikitembea haiwaki, upinzani wake ukiwa baridi ni mdogo. Ikitokea shoti inawaka na kuzuia umeme usipite ampea 2 hivi, na sehemu ya pili inaendelea. Inachemka kweli, iwe mbali na plaiwudi. Kwa kituo cha ampea 2 haina kazi, kitajizima kwanza.

Kituo kipi? Kwa vichwa viwili hadi vitatu vinavyotembea pamoja, ampea 2 hadi 3 zinatosha. Kichwa cha H0 cha kisasa kinakula kati ya 0.25 na 0.5 A. z21 ya Roco inaendeshwa kwa simu kupitia Wi-Fi, kwa hiyo watu wawili ni simu mbili. NCE Power Cab ina rimoti ya mkononi na mwendeshaji wa pili anahitaji rimoti nyingine. Ukinunua seti ya Marekani soma adapta: ikiandikwa 100–240 V 50/60 Hz ni salama, ikiandikwa 120 V peke yake tafuta nyingine ya volti na ampea zilezile.

Wa bajeti ndogo na anayejua kuchomea kwa risasi aangalie DCC-EX. Ni programu huria inayokaa kwenye Arduino Mega 2560, kompyuta ndogo ya bodi moja, yenye bodi ya kuendeshea mota, na kadi ndogo ya Wi-Fi kwa ajili ya simu. Ukitumia Arduino Motor Shield R3, kata kile kijia kilichoandikwa Vin Connect nyuma ya bodi kabla ya kuwasha, la sivyo volti za reli zitaingia kwenye Mega. Bodi hiyo inameza kama volti 2, kwa hiyo ipe adapta ya 14 au 15 V. Ya laptopu ya 19 V ni nyingi kwa H0. Chochote utakachonunua, kichomeke kupitia TV guard. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, adapta ndiyo inayopokea kofi.

Dekoda. Ya pini 8 chomeka waya wa machungwa upande wenye namba 1. Ukiichomeka kinyume mota itaenda lakini taa hazitawaka, izungushe tu. PluX22 ina pini moja isiyokuwepo, haiingii vibaya. Dekoda zote mpya huja na anwani 3, kwa hiyo weka kichwa kimoja tu kwenye reli ya programu (kipande cha pembeni cha kuandikia dekoda), ukipe tarakimu mbili za mwisho za namba yake ubavuni, ndipo ulete kinachofuata. Wakati wa kusoma, kichwa kitashtuka kidogo. Hilo ndilo jibu lake: dekoda inawasha mota kwa milisekunde chache ili kituo kihisi mzigo wa miliampia 60. Kichwa ambacho mota yake haijaunganishwa hakisomeki. CV29, yaani mpangilio namba 29 wa dekoda, huja mara nyingi ikiwa 6. Iandike 2, utazima hali ya DC ndani ya dekoda, na itaacha kutimka yenyewe ikikutana na umeme mchafu baada ya shoti.

Vya zamani sasa. Pima kwanza kama vinastahili. Kiwashe kwa 12 V kwenye DC, ampea mita ikiwa mfululizo, shika magurudumu yasizunguke kwa sekunde moja au mbili. Kikisoma chini ya 1 A, dekoda ya kawaida ya H0 inatosha. Kikipita hapo, safisha mota, weka brashi mpya, pima tena. Kisha fungua, toa waya za mota, na kwa maltimita pima kila brashi dhidi ya magurudumu ya pande zote mbili na dhidi ya bodi ya chuma. Isilie popote. Mota nyingi za duara za zamani zina brashi moja inayogusa bodi, na bodi inagusa reli. Ukiacha hivyo dekoda inakufa mara ya kwanza ukiwasha. Tenganisha brashi hiyo, au weka bamba la plastiki la kushikia brashi kama linauzwa kwa mota yako. Baada ya hapo rangi ni zilezile kwa kila kampuni: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, machungwa na kijivu mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, buluu chanya ya pamoja ya taa.

Jambo moja linalosahaulika: kipande cha reli cha kuunganishia waya kilichokuja na seti ya DC mara nyingi kina kapasita ndani ya kiboksi chake, ya kuzuia kelele za redio. Inakula ncha za mawimbi ya DCC na dekoda zinasikia nusu nusu. Fungua, ikate, au usitumie kipande hicho.

MiguuSita

Naongezea kwa RisasiNaWaya: kabla hajabadilisha vya zamani, asivipandishe kwenye reli za DCC hata kidogo. Mota isiyo na dekoda italia na kuchemka ikiwa imesimama, na mota zisizo na kiini cha chuma zinaungua kwa muda mfupi. Kuna vituo vinavyoruhusu anwani 0 kwa kichwa kisicho na dekoda, lakini si vyote, na hata hivyo kisiachwe kimesimama hapo.

Kipishano

Ubao wa majaribio umewaka, pointi moja na reli za mita moja na nusu. Jaribio la sarafu limepita kila mahali. Shida: kichwa kimoja cha pini 8 kikivuka pointi, kituo kinajizima sekunde moja kisha kinarudi. Si kila mara. Pointi hiyohiyo kwa DC hakuna tatizo, na kichwa cha PluX22 kinapita vizuri.

FundiMataruma

Shoti ilikuwepo hata kwenye DC, ila kidhibiti cha DC kinachelewa kukata, hivyo hukuiona. DCC inakata ndani ya milisekunde. Kwa kuwa ni kichwa kimoja, anza na magurudumu. Pima kwa kalipa nafasi kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Iwe kama milimita 14.4. Ikiwa 14.0, mgongo wa gurudumu unagusa ulimi (reli inayosogea) wa pointi uliofunguka, ambao una umeme wa upande mwingine. Vuta gurudumu taratibu huku ukilizungusha, pima sehemu tatu za duara lake, maana linaweza kukaa upande.

Ikiwa vipimo viko sawa, zima taa za chumba, endesha polepole sana, utaona cheche. Ikiruka kwenye moyo wa pointi, pale reli mbili za ndani zinapokaribiana kabla ya plastiki, basi uso wa gurudumu ni mpana na unazikanyaga zote mbili. Safisha hapo kwa spiriti, kisha paka rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya reli hizo mbili, milimita 5 tu kuanzia zinapokaribiana. Ukizidisha, vichwa vifupi vitakosa umeme na kusimama juu ya pointi. Ikichakaa utaiona cheche imerudi, unapaka tena.